Asilimia 98 Ambayo Si ya Mtihani: Jinsi Tarakilishi Inavyohesabu Seli za Limfoma

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida letu hujaa mashairi, insha za methali na vitendawili, na mimi ni mmoja wa wale wanaoyasoma yote hadi ukurasa wa mwisho. Lakini mwaka huu nimeonelea niandike juu ya sayansi, tena kwa Kiswahili, kwa sababu wapo wenzetu wanaosema ati Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya maabara. Nitajaribu. Mkiona nimekwama mahali, basi mjue aliyekwama ni mimi wala si lugha.

Ninataka kueleza jinsi tarakilishi, au kompyuta kama wengi tunavyoiita, inavyotumiwa kuchunguza picha za uvimbe wa saratani iitwayo limfoma, ili madaktari wajue uvimbe huo una haraka kiasi gani ya kukua. Nimechagua hasa limfoma ya Burkitt. Hiyo ni ya huku kwetu: iliandikwa habari zake kwanza kutoka Kampala, na hapa Kenya huwapata zaidi watoto wa sehemu za Ziwa Viktoria na wa Pwani, kuliko wale wa nyanda za juu zenye baridi.

LIMFOMA NI NINI?

Mwilini mwetu mna askari. Askari hao ni chembechembe nyeupe za damu, na baadhi yao huitwa limfosaiti. Kambi zao ni tezi za limfu, zilizo shingoni, kwapani, kwenye kinena na hata ndani ya tumbo. Ukijikwaa ukapata kidonda mguuni, huenda ukaota mtoki kwenye kinena. Hapo ndipo askari wanapokusanyika na kuongezeka ili wapigane na vijidudu. Vita vikiisha, mtoki hupungua wenyewe. Kuvimba kwa namna hiyo si jambo la kutisha, ni kazi inafanyika.

Limfoma ni askari walioasi. Seli moja huharibika, ikaanza kugawanyika bila amri na bila kukoma, na seli zinazozaliwa nazo zikafanya vivyo hivyo. Sisi wa Kidato cha Tatu tumefundishwa mitosisi katika somo la bayolojia, kwa hiyo tunajua seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Hebu endeleeni na hesabu hiyo wenyewe. Baada ya kugawanyika mara 10 utapata seli 1,024. Baada ya mara 20 zimepita milioni moja. Baada ya mara 30 zimepita bilioni moja. Ndiyo maana uvimbe ambao jana haukuonekana, kesho unaweza kuonekana na kila mtu.

Sasa, limfoma si moja. Ziko makumi ya aina. Nyingine hutambaa kama kobe, na mgonjwa anaweza kukaa miaka kabla ya kuhitaji dawa kali. Nyingine hukimbia kama swara. Zote zinaitwa limfoma, lakini matibabu yake hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo daktari haridhiki kujua kwamba hii ni limfoma. Lazima ajue ni limfoma ipi, na ina haraka gani.

DAKTARI WA JICHO MOJA

Kabla sijafika kwenye tarakilishi, wacha niwaeleze jinsi ugonjwa huu ulivyojulikana, maana tangu mwanzo habari yake ni habari ya kutazama picha.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka wa 1911 huko Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Alipokuwa mvulana wa miaka 11 alipata ajali akapoteza jicho moja. Hata hivyo alisomea udaktari, akawa mpasuaji, na akaja kufanya kazi Uganda. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt alishangaa. Jipu la jino haliji pembe nne kwa wakati mmoja. Muda si mrefu, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Hapo akajua kwamba hiki si kisa cha mtoto mmoja, ni ugonjwa.

Mwaka wa 1958 aliandika habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Kisha akatuma vipeperushi vyenye picha za watoto kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: je, huko kwenu mmeona kitu kama hiki? Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka karibu kilomita 16,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Walipoweka majibu kwenye ramani waliona kwamba ugonjwa huu hupenda mahali penye joto na mvua, na hupotea mahali palipoinuka na kupoa. Ni kama ramani ya malaria.

Mwaka wa 1964, wanasayansi watatu huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walichunguza vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa kutumia hadubini ya elektroni waliona kirusi ambacho hakikuwa kikijulikana, nacho kikaitwa Epstein-Barr. Watu wengi sana duniani wana kirusi hiki na hawaugui saratani. Lakini mtoto mdogo anapokuwa nacho huku akipigwa na malaria mara kwa mara, askari wa mwili wake huchanganyikiwa, na hatari ya limfoma ya Burkitt huongezeka. Naomba tukumbuke jambo hili vijijini kwetu. Si laana, si kijicho, wala mtoto hamwambukizi mwenzake uvimbe.

KUHESABU WALIO KAZINI

Mtu akishukiwa kuwa na limfoma, daktari hukata kinyama kidogo cha uvimbe. Kinyama hicho huwekwa katika formalini kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, halafu kikakatwa kwa mashine kuwa vipande vyembamba vya mikromita 3 au 4. Msomaji, milimita moja ina mikromita 1,000. Kwa hivyo ukitaka kufikisha unene wa milimita moja tu, utapanga vipande 250 vya mikromita 4 kimoja juu ya kingine! Kipande hicho hulazwa juu ya kigae cha kioo, yaani slaidi, kama tulivyofanya na ngozi ya kitunguu katika Kidato cha Kwanza.

Tatizo ni kwamba ukitazama seli hivi hivi, zote zinafanana. Ipi inajiandaa kugawanyika na ipi imepumzika? Jibu lilipatikana katika mji wa Kiel, Ujerumani. Mwaka wa 1983 wanasayansi wa huko walitangaza kingamwili inayoshika protini fulani ndani ya kiini cha seli. Protini hiyo huonekana seli ikiwa katika shughuli ya kugawanyika, na hukosekana seli ikiwa imepumzika kabisa. Waliiita Ki-67: Ki ni kwa ajili ya mji wa Kiel, na 67 ni namba ya kishimo kidogo katika kibao chao cha majaribio. Basi jina lenyewe halina uchawi wowote.

Kingamwili hiyo hufungwa na rangi. Seli iliyo kazini kiini chake hugeuka kahawia. Seli iliyopumzika hutiwa rangi nyingine, nayo hubaki buluu. Kazi inayobaki ni kuhesabu tu:

kahawia ÷ (kahawia + buluu) × 100

Tuseme umehesabu viini 500, na 100 kati yake ni vya kahawia. Hiyo ni asilimia 20. Ukipata vya kahawia 480, hiyo ni asilimia 96. Katika limfoma ya aina ya folikula, ambayo ni mojawapo ya zile za kobe, hesabu mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Katika limfoma ya seli za joho, mpaka wa asilimia 30 husaidia kutenganisha wagonjwa ambao ugonjwa wao una haraka zaidi. Na katika limfoma ya Burkitt, hesabu hupita asilimia 95. Yaani karibu kila seli iko kazini. Hakuna aliyelala.

KARATASI YA JIRANI

Hapa nitaeleza kwa nini namba hii ilinigusa. Mwaka jana mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka sita, alivimba shavu. Watu wakasema ni jino. Akapelekwa mahali akang'olewa jino, lakini uvimbe haukupungua, na meno ya kando yakaanza kulegea. Wiki zikapita kabla ya mtu kusema kwamba apelekwe hospitali kubwa. Huko ndiko alikokatwa kinyama, na mama yake akarudi na karatasi ya majibu imekunjwa ndani ya leso.

Jioni moja nikitoka shuleni aliniita kwake. "Mwanangu," akaniambia, "wewe unasoma sayansi. Nisomee hapa. Wameandika asilimia tisini na nane. Hiyo si ni nzuri? Huku kwenu shuleni mtoto akileta hiyo tunamchinjia kuku."

Nilisoma: Ki-67, asilimia 98. Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, nadhani hizi si maksi. Kesho nitamuuliza mwalimu, lakini kwa sababu umeambiwa umrudishe mtoto kesho, mrudishe, usingoje jibu langu." Akamrudisha. Kesho yake mwalimu wetu wa bayolojia akanieleza haya ninayowaeleza, na nilipofika nyumbani nikamweleza yule mama polepole kama nilivyoelezwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: namba hiyo iliyobeba uhai wa mtoto hupatikanaje, na tutajuaje kwamba ni ya kweli?

MACHO YA MTU HUCHOKA

Zamani, na hata leo mahali pengi, daktari wa patholojia huhesabu mwenyewe kwa macho akitazama katika hadubini. Ni kazi ngumu. Kama hamniamini, fanyeni jaribio hili ambalo mimi na wenzangu tulilifanya nyumbani. Chukua githeri ambayo haijapikwa, mahindi na maharagwe, uimwage kwenye sinia. Mwambie mmoja atazame tu na kukisia: maharagwe ni asilimia ngapi? Mwingine ahesabu upande wa kulia, mwingine upande wa kushoto. Sisi tulikuwa wanne, na majibu yalikuwa manne. Kila mmoja aliapa kuwa lake ndilo. Na kumbuka githeri haina punje zilizolaliana kama seli, wala haina maharagwe yaliyopauka mpaka ukashindwa kujua kama ni haragwe au hindi.

Daktari naye hupatwa na mambo hayo hayo. Akichagua upande wenye kahawia nyingi, namba hupanda. Akichagua upande mwingine, hushuka. Kahawia hafifu, mmoja huihesabu na mwingine huiacha. Tena daktari huyo ana slaidi nyingine nyingi zinamngoja, na jioni macho si kama ya asubuhi. Ndipo tarakilishi ikaitwa isaidie.

TARAKILISHI HUONA NINI?

Kwanza, tuelewe kwamba tarakilishi haina macho. Inajua namba tu. Kwa hiyo slaidi huwekwa kwenye skana maalumu yenye hadubini ndani yake, nayo huipiga picha yote kipande kwa kipande na kuviunganisha. Picha hiyo imeundwa kwa vijidoa vidogo viitwavyo pikseli. Kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na kila namba ni kati ya 0 na 255.

Hebu tupige hesabu. Pikseli moja ikiwa na upana wa mikromita 0.25, kinyama cha milimita 15 kwa milimita 15 kitakuwa na pikseli 60,000 kwenda kulia na 60,000 kwenda chini. Zidisha. Hizo ni pikseli bilioni 3.6! Simu yenye kamera ya pikseli milioni 12 ingehitaji kupiga picha 300 ili ifikie kiasi hicho. Ndiyo maana kazi hii ilichelewa. Ilibidi tarakilishi zipate nguvu na nafasi ya kuhifadhi kwanza.

Baada ya picha kuingia, programu hufanya kazi kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha rangi. Kahawia na buluu huchanganyikana katika pikseli moja. Lakini kila rangi hunyonya mwanga kwa namna yake. Ikijulikana kahawia hunyonya kiasi gani cha mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na ile ya buluu hunyonya kiasi gani, basi inawezekana kujua katika kila pikseli mna kiasi gani cha kila rangi. Ni kama zile hesabu za x na y: kalamu mbili na daftari moja ni shilingi kadhaa, kalamu moja na daftari tatu ni shilingi kadhaa, tafuta bei ya kila kitu. Njia hii iliandikwa na Ruifrok na Johnston mwaka wa 2001, na bado inatumika. Wanaouliza "x na y zitatusaidia wapi maishani?" sasa wamepata jibu.

Hatua ya pili ni kutafuta viini. Programu huangalia mahali penye rangi nzito palipo na umbo la duara na ukubwa unaofaa. Doa dogo mno huachwa, kwa kuwa huenda ni takataka.

Hatua ya tatu ni kutenganisha viini vilivyogusana, maana katika limfoma seli hubanana kama abiria wa matatu saa za jioni. Njia mojawapo ni kuichukua picha kama nchi yenye mabonde. Kila kiini ni bonde. Programu hujifanya kama inamwaga maji katika kila bonde, na pale maji ya mabonde mawili yanapokutana ndipo inapochora mpaka.

Hatua ya nne ni kuuliza kila kiini: wewe ni kahawia au buluu? Kuna kipimo kilichowekwa tangu mwanzo. Kiini kikipita kipimo hicho, huhesabiwa kuwa kiko kazini. Kisipopita, kimepumzika. Halafu hesabu yetu ya asilimia hufanywa, si kwa viini 500, bali kwa makumi ya maelfu, na kwa muda mfupi. Ukiirudia picha ile ile kwa vipimo vile vile, jibu ni lile lile asubuhi na jioni.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba baadhi ya programu hizi ni za bure. ImageJ ilitengenezwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Nyingine iitwayo QuPath ilianzia Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, eneo lile lile alikozaliwa Burkitt. Mtu yeyote mwenye tarakilishi anaweza kuzipata bila kulipa hata senti, ingawa skana yenyewe bado ni ghali.

MASHINE NAYO HUDANGANYWA

Isije ikaonekana kwamba ninaisifu mashine kupita kiasi. Tarakilishi huhesabu ilichopewa. Kinyama kikikaa vibaya kabla ya kutiwa formalini, rangi haishiki. Kipande kikikunjika kwenye kioo, mkunjo huonekana kama rangi nzito. Kipimo cha kahawia kikiwekwa juu mno, namba hushuka. Kikiwekwa chini mno, hupanda. Aliyekiweka kipimo hicho ni binadamu.

Kuna jambo jingine. Limfoma ya Burkitt ikitazamwa katika hadubini hufanana na anga la usiku lenye nyota. Uwanja mzima ni mweusi wa seli za saratani zilizobanana, na katikati mna matundu meupe. Nyota hizo ni seli kubwa zinazokula seli zilizokufa. Hizo si saratani. Programu isiyofundishwa vyema ikizihesabu pamoja na nyingine, jibu litaharibika. Kwa hiyo daktari kwanza huzungushia mstari mahali panapofaa kuhesabiwa, ndipo mashine ianze.

Tena Ki-67 peke yake haitoshi kusema hii ni Burkitt. Ziko limfoma nyingine za haraka zenye namba kubwa. Madaktari hupima protini nyingine juu ya seli, na pia huangalia kromosomu. Katika Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kuhamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Jeni hiyo ikifika huko hupiga kelele "gawanyika, gawanyika!" bila kunyamaza.

Na mwisho, picha moja si filamu. Ukipiga picha uwanja wa michezo utajua ni wanafunzi wangapi wanakimbia, lakini hutajua kila mmoja ana mbio kiasi gani. Vivyo hivyo Ki-67 inatuambia ni seli ngapi ziko kazini. Namba inasaidia uamuzi. Anayeamua ni daktari.

HARAKA YA NAMBA HII

Limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa 24 hadi 48. Tuchukue saa 48. Uvimbe wa mviringo ukiongezeka maradufu mara tatu, yaani mara nane kwa ujazo, upana wake pia huwa maradufu. Kwa hivyo uvimbe wa sentimita 1 ukiendelea kwa mwendo huo, baada ya siku 6 ni sentimita 2, na baada ya siku 12 ni sentimita 4. Sasa mnaona maana ya kusema "turudi wiki ijayo"? Katika ugonjwa wa kobe, wiki moja si kitu. Katika huu, wiki moja ni uvimbe mwingine.

Lakini ndani ya ubaya huo mna jambo jema, na hili ndilo nililotaka sana mlijue. Dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazogawanyika. Seli iliyolala huziponyoka dawa hizo kwa urahisi. Seli iliyo kazini hunaswa. Kwa hiyo saratani ambayo karibu seli zake zote ziko kazini ndiyo hiyo hiyo inayoyeyuka upesi ikipata dawa. Katika miaka ya 1960 Burkitt huko Kampala, na daktari Peter Clifford hapa Nairobi, waliona uvimbe mkubwa wa taya ukinywea kwa dawa. Burkitt ikawa miongoni mwa saratani za kwanza kupona kwa dawa pekee. Leo katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona. Huku kwetu wanaopona ni wachache kuliko hivyo, kwa sababu wengi hufika wakiwa wamechelewa, au huacha matibabu katikati nauli inapokwisha, au dawa hazipatikani kwa wakati.

Hapa ndipo picha za tarakilishi zinapoweza kusaidia zaidi. Slaidi ikishakuwa picha, inaweza kusafiri bila nauli. Huko Lilongwe, Malawi, maabara ya patholojia ilifunguliwa katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mwaka wa 2011, na madaktari wake wakawa wanakutana kila wiki kupitia mtandao na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina cha Marekani, wote wakitazama slaidi moja na kushauriana. Fikirieni jambo hilo. Vipande vya uvimbe vya Burkitt vilipelekwa London kwa ndege. Leo picha yaweza kufika ng'ambo kabla chai haijapoa.

Hata hivyo skana haitembei vijijini kutafuta watoto. Inangoja kinyama kiletwe, na kinyama hakiletwi mpaka mtu aone na aseme. Kwa hiyo wenzangu, mkiona mtoto mwenye shavu linalovimba kwa siku chache, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalosukumwa nje, au tumbo linalofura haraka, msiseme ni jino na kunyamaza. Mwambieni mzazi ampeleke hospitali, na aulize kama kinyama kinahitaji kupimwa. Akianza dawa amalize, hata uvimbe ukiwa umeisha machoni, kwani seli zinazobaki ni ndogo kuliko macho yetu.

Yule mtoto wa jirani yetu alitibiwa, na sasa yuko shuleni, ingawa bado huenda kliniki kuangaliwa. Nasi tulio hapa, huenda mmoja wetu akawa fundi wa maabara, mwingine mwandishi wa programu, mwingine daktari. Atakayekuwa yeyote kati ya hao, naomba akumbuke kwamba kando ya kila karatasi ya majibu yuko mzazi anayetaka kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Hiyo nayo ni kazi ya Chama cha Kiswahili.

Aliye na swali anione maktabani saa ya chakula cha mchana, na aje na githeri yake tuhesabu.